Taa za loji ufukweni: nianzie wapi ili nyota zirudi na kasa wasipotee?

Mvinje_Pwani:

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa kitaalamu. Loji ina mabanda 10, iko Mafia upande wa mashariki, ufuo ni wa mchanga mweupe. Wageni wakishaona papa potwe mchana, usiku wanaulizia nyota. Nyota zimefifia kwa sababu ya taa zetu wenyewe, maana ukiondoa sisi hakuna umeme wa maana karibu. Kasa nao wanataga pale mbele.

Taa zilizopo ni hizi:

Taa 2 za kumulika, LED wati 100 kila moja, nyeupe ya 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikishuka, mwanga unakuwa wa njano zaidi), zimeelekezwa baharini kwa ajili ya askari.
Taa 6 za sola za kipande kimoja (paneli juu, taa chini) njia ya kwenda ufukweni. Zimeandikwa 120W.
Globu za duara nyeupe 14 juu ya nguzo za uzio, balbu ya wati 9 ndani.
Balbu ya wati 9 kwenye baraza ya kila banda, 6500K.

Maswali: nianze na zipi? Balbu za 2700K zinatosha? Na nitapimaje kama kuna mabadiliko, maana mwenye mali anataka kuona kitu, si maneno.

FundiWaya:

Mkuu, kabla ya kununua chochote tupige hesabu ya mwanga ulionao.

LED ya wati 100 hutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 9,000 hadi 10,000. Zako mbili ni kama 19,000. Globu 14 kwa lumeni 800 kila moja ni 11,200. Baraza 10 ni 8,000. Za sola usiziamini maandishi. Kama paneli ni sentimita 40 kwa 30, eneo lake ni mita za mraba 0.12. Jua la utosi ni kama wati 1,000 kwa mita ya mraba, paneli inakamata asilimia 20, kwa hiyo umepata wati 24, si 120. Kwa saa 5 za jua zuri, ukitoa kinachopotea kwenye betri, unabaki na wati-saa 95 hivi. Zigawe kwa saa 12 za usiku: wati 8. Yaani lumeni 1,000 kwa taa, na sita ni 6,000.

Jumla ni kama lumeni 44,000 kwa mabanda kumi. Eneo la ukubwa huo linaendeshwa vizuri kabisa kwa lumeni 4,000. Kwa hiyo ugonjwa wa kwanza ni wingi wa mwanga, na rangi inafuata. Ukibadilisha balbu zote ziwe za njano ukaacha lumeni 44,000, anga litabaki vilevile jeupe, ila la rangi ya chai.

Za kumulika zizime leo. Hazihitaji mbadala upande wa bahari, na suala la askari lina dawa yake.

Taa za sola tatizo lake kubwa ni mkono. Paneli na taa ni kibao kimoja, na mafundi wengi wanakiinamisha nyuzi 30 au 40 "ili kinase jua", kama picha za kwenye boksi zinavyoonyesha. Picha hizo ni za nchi zilizo mbali na ikweta. Mafia ipo karibu nyuzi 8 kusini, jua linapita karibu na utosi mwaka mzima. Ukiinamisha kibao, taa iliyo chini yake inatazama upeo wa macho, si ardhi. Legeza boliti, laza kibao mpaka nyuzi 5 hadi 10, kiasi cha mvua kuosha vumbi na chumvi, na kiinamie kaskazini. Umeme haupungui na mwanga wote unashuka chini. Dakika kumi kwa nguzo, gharama sifuri.

Globu za duara ni za kutoa, hazina matengenezo. Karibu nusu ya mwanga wake unakwenda juu. Na usidhani ule unaopanda wima ndio mbaya zaidi: unaotoka nyuzi chache tu juu ya upeo ndio unaosafiri umbali mrefu ndani ya hewa, ukigonga hewa, vumbi na unyevu njia nzima. Ndio unaochora lile kuba jeupe ambalo kijiji cha jirani wanaliona.

KasaKwanza:

Naongezea upande wa kasa, kwa sababu hapo vipimo ni vikali kuliko vya nyota.

Vitoto vya kasa vikitoka shimoni usiku havijui bahari iko wapi kwa ramani. Vinaelekea kule upeo ulikong'aa zaidi na ulipo chini, na vinaukimbia ukuta mweusi mrefu, yaani miti na vichaka. Kwa asili mng'ao ni bahari na ukuta ni nchi kavu. Taa yako inageuza mambo: vinapanda kuelekea barazani, vinazunguka hadi alfajiri, kaa wanavikamata, na vilivyobaki jua linavikausha. Mama naye akiona mwanga hugeuza kabla ya kutaga.

Kwa hiyo ukaguzi usiufanye ukiwa umesimama. Shuka ufukweni usiku usio na mbalamwezi, nenda mpaka alama ya maji kujaa, halafu lala kifudifudi, kidevu mchangani. Jicho la kitoto cha kasa liko sentimita mbili tatu tu kutoka chini. Subiri macho yazoee giza, dakika 20 hadi 30, bila simu. Kisha geuka polepole uangalie nchi kavu na uandike mambo matatu: balbu unazoziona zenyewe, kuta na paa zinazong'aa kwa mwanga uliogonga, na madirisha. Rudia kila mita 30 kando ya ufuo. Utashangaa ni mambo gani yanayoonekana: friji ya vinywaji ya kioo kwenye baa, taa ndogo ya paa la ndani ikipenya makuti, jiko lililoachwa mlango wazi.

Rangi: 2700K bado ina bluu ndani yake, na kasa wanaiona vizuri. Upande unaoonekana kutoka ufukweni tumia LED ya kaharabu halisi (njano inayoelekea chungwa), yaani mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 560 kwenda juu. Za kawaida zinazouzwa ni kama 590. Nyuma ya majengo, jikoni na kwa jenereta, 2200K au hata 2700K yenye kofia haina shida.

Lakini kaharabu si kibali. Kasa wanaiona kidogo, na kidogo mara nyingi ni kingi. Utaratibu ni: kwanza iwe chini, halafu ifichwe, halafu ndiyo rangi. Na mchanga wenu mweupe unarudisha mwanga juu, kwa hiyo hata taa iliyofunikwa vizuri ikimwagwa mchangani inaonekana. Imwage kwenye majani au kwenye njia ya udongo.

Jambo moja la bure: msikate vichaka vya mbele kwa ajili ya "mandhari". Mikadi na vichaka vya mchangani ndio ule ukuta mweusi wenyewe.

Kimondo77:

Mbona mnarefusha? Weka nyekundu kila mahali, imekwisha. Wapenzi wa nyota wote wanatumia nyekundu.

FundiWaya:

Nyekundu ni nzuri kwa tochi ya mtu anayesoma ramani ya nyota, kwa sababu haiharibu macho yaliyozoea giza ikiwa hafifu. Kwa ngazi na njia ni mbovu. Jicho letu linaiona nyekundu kwa shida, kwa hiyo utalazimika kuongeza wati mpaka ngazi zionekane, na hata hapo mtu hatofautishi jiwe, mzizi na nyoka. Kaharabu inakupa uwezo wa kuona kwa lumeni chache zaidi.

Kwa anga, sababu ya kukimbia bluu ni hii: molekuli za hewa zinatawanya mwanga kwa kinyume cha urefu wa wimbi uliopandishwa kipeo cha nne. LED nyeupe ina kilele cha bluu kwenye nanomita 450. Gawanya 590 kwa 450, pandisha kipeo cha nne, unapata karibu 3. Mwanga wa bluu unatawanyika mara tatu kuliko wa kaharabu hata kama taa zinalingana kwa nguvu. Ndiyo sababu ile ile inayofanya mbingu ya mchana iwe ya samawati.

Mvinje_Pwani:

Shukrani sana wakuu. Taa kubwa zimezimwa na sola zimelazwa, boliti mbili zilikuwa zimekufa kwa kutu ila zimekubali. Sasa maswali mawili. Muuzaji ana balbu anasema ni kaharabu, lakini boksi limeandikwa 2200K tu na kioo chake kimepakwa njano. Nitajuaje? Pili, askari wanalalamika kwamba bila taa ile hawaoni mtu akitokea baharini.

KasaKwanza:

Balbu: tafuta CD kuukuu. Usiku, washa balbu hiyo peke yake, simama mita 3 au 4, shika CD upande unaong'aa, iinamishe mpaka uone ule upinde wa rangi wa balbu. Nyeupe itatoa bluu, kijani, njano, nyekundu. 2700K itatoa bluu pia, hafifu zaidi. Kaharabu halisi itakupa doa la njano na chungwa pekee, likimalizikia kwenye wekundu kidogo. Ukiona bluu yoyote, rudisha. Ukiona kijani kidogo bila bluu, hiyo ni LED iliyopakwa rangi: isiwe upande wa ufuo, lakini baraza la nyuma inafaa.

Za 2200K zilizopakwa njano rangi yake hufifia au kubanduka kwa joto, na baada ya miezi kadhaa una balbu nyeupe bila kujua. Ndiyo maana kipimo cha CD kirudiwe kila msimu.

Doria_Usiku:

La askari nalichukua mimi.

Taa ya lumeni 9,000 iliyofungwa mita 4 juu ya askari inamfanya yeye aonekane na mwizi asionekane. Mboni ya jicho inajibana kwa ule mwanga mkali, na kila kilicho nje ya duara la mwanga kinageuka ukuta mweusi. Ukitaka mwenye mali aelewe, msimamishe chini ya taa, mtu mwingine asimame mita 15 nje ya mwanga na nguo za kawaida. Kisha zima taa, subiri dakika 20, rudieni. Mbalamwezi nzima inatoa kama robo luksi tu na watu wanatembea kwayo bila kujikwaa. Usiku wa nyota tupu mtu anaonekana vizuri kama kivuli juu ya mchanga mweupe. Mchanga huo ni rafiki wa askari kuliko taa.

Kwa hiyo upande wa bahari: hakuna taa ya kudumu, hakuna sensa. Askari awe na tochi ya kaharabu yenye swichi ya kubonyeza, aiwashe kwa sababu na kuielekeza chini.

Upande wa nchi kavu (lango, stoo, jenereta) funga taa ya lumeni 400 hadi 500 yenye kofia na sensa ya mwendo. Hapa ndipo mafundi wanapoharibu:

Sensa inafungwa mita 2 hadi 2.5, si juu ya hapo. Inahisi joto linalokatiza mbele yake, kwa hiyo iweke mtu apite kwa ubavu. Anayeijia uso kwa uso anaweza kufika karibu sana kabla haijashtuka.

Kitufe cha muda weka sekunde 30 hadi 60. Kikiachwa dakika 10 kama kilivyotoka dukani, taa haizimiki usiku mzima na utasema sensa ni mbovu.

Kuti la mnazi lililopata joto la mchana likipungia mbele ya sensa linaiwasha. Pogoa, au ziba sehemu ya kioo cha sensa kwa utepe mweusi wa umeme upande wa mnazi. Mjusi akipita juu ya kioo chenyewe pia anaiwasha. Mijusi wanafuata wadudu, wadudu wanafuata mwanga mweupe, kwa hiyo ukibadilisha rangi ya taa hata kuwaka ovyo kunapungua.

Taa za baraza na njia weka kwenye taima: ziwake saa kumi na mbili na nusu jioni, nusu yake izime saa nne usiku. Huku kwetu saa ya jua kuzama haibadiliki hata saa nzima kwa mwaka, kwa hiyo fotoseli (swichi inayohisi giza) si lazima. Taima iwe yenye betri ndani. Ile ya kuzunguka kwa umeme mtupu, umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu nayo inachelewa kwa muda uleule, na baada ya wiki taa zinawaka mchana. Ukilazimika kutumia fotoseli, isione taa yake yenyewe: itawasha, ione mwanga, izime, ione giza, iwashe, mpaka kontakta (swichi ya umeme inayoziendesha taa) ife.

Nyota_ya_Kusini:

Swali la kupima limesahauliwa.

Kifaa cha kawaida ni SQM (kipima giza la anga) ya kampuni ya Unihedron, kidogo kama pakiti ya karata. Unaielekeza utosini, unabonyeza, inakupa ukubwa-nyota kwa sekunde ya tao mraba, yaani mng'ao wa kipande kidogo cha anga. Namba kubwa ni giza zaidi. Anga la asili ni karibu 22, katikati ya mji mkubwa 17 au 18. Kila namba moja ni mwanga mara 2.5, hivyo kupanda kutoka 21.2 hadi 21.5 si "pointi tatu tu", ni kwamba ule wa kwanza ulikuwa na mwanga zaidi kwa karibu theluthi. Chukua modeli ya SQM-L yenye lenzi. Ile isiyo na lenzi inaona pembe pana na itahesabu taa zako na minazi. Piga vipimo vitano, tupa cha kwanza, chukua wastani.

Masharti: mwezi uwe chini ya upeo, mawingu sifuri, na ipite angalau saa moja na robo tangu jua lizame. Pima saa ileile na mahali palepale. Usilinganishe Januari na Agosti: kuanzia Julai jioni ule ukanda mweupe wa nyota, pale penye Nge, unapita utosini na kushusha namba bila taa yoyote kuongezwa. Halafu unyevu wa pwani. Usiku wa ukungu wa chumvi una matokeo yake. Namna safi ni kupima usiku mmoja: taa zote zimewaka, dakika ishirini baadaye zimezimwa zote, halafu zile za mpango mpya tu. Mwenye mali anapata namba tatu kwa saa moja.

Bila kifaa, tumia kamera yenye kuruhusu kupanga mwenyewe. ISO 1600, f/2.8, sekunde 20, rangi imefungwa isijirekebishe, kamera juu ya mguu ikitazama kusini juu ya mabanda. Picha ya kabla na ya baada kwa mipangilio ileile. Ukiacha kamera ijipangie, itazilinganisha na tofauti haitaonekana.

Kwa macho matupu watu hupenda kuhesabu Kilimia, lakini wengi wanapata nyota sita hata chini ya anga la wastani, kwa hiyo haikuambii kitu. Kipimo bora kwa Mafia ni Wingu Kubwa la Magellan (galaksi ndogo ya jirani), jioni za Januari, upande wa kusini. Halipandi juu, kama nyuzi 28 tu kutoka upeo, kwa hiyo kuba lolote la mwanga kusini mwako linalifuta. Likionekana kama kipande cha wingu kisichosogea, uko pazuri.

Usitegemee sana ramani za setilaiti. VIIRS, kihisi cha setilaiti kinachotumika kuzichora, hakioni bluu iliyo chini ya nanomita 500, hivyo ukitoka taa za sodiamu za njano kwenda LED nyeupe ramani inaweza kuonyesha umepunguza mwanga wakati anga limezidi kung'aa. Watu waliohesabu nyota kwa macho kwenye Globe at Night (mradi wa wananchi wa kupima giza la anga) kati ya 2011 na 2022 walionyesha anga likiongezeka mwanga kwa karibu asilimia 10 kila mwaka, huku setilaiti zikionyesha ongezeko dogo mno.

Mvinje_Pwani:

Nimeelewa. La mwisho: kofia za taa za njia hazipatikani huku kisiwani. Ninaweza kutengeneza?

FundiWaya:

Unaweza, na zitapendeza kuliko za dukani. Bomba la PVC la inchi 4, kata sentimita 20, ziba juu kwa kifuniko chake, holda ndani. Hakikisha kuna sentimita 10 kutoka balbu hadi mdomo wa bomba. Ukilifunga mita 2.2 kutoka ardhini, duara la mwanga chini litakuwa mita 2.5 hadi 3, na ukisimama mita 5 pembeni hutaiona balbu. Ikionekana, iko chini mno ndani ya bomba, ipandishe.

Balbu isizidi wati 3. Ya wati 9 humo ndani itajipika, na LED za kaharabu hasa zinapoteza mwanga zikipata joto. Toboa matundu manne ya milimita 8 juu, upande wa nchi kavu, uyazibe kwa wavu wa mbu, la sivyo nyigu watajenga. Ndani paka nyeusi isiyong'aa. PVC nyeupe ukiiacha hivyo inageuka taa yenyewe, kwa sababu mwanga unapenya ukuta wake. Nje paka rangi yoyote, jua linakausha PVC tupu ikapasuka.

Zile taa za vifuu vya nazi zenye matundu mnazotundika baa, ziba matundu ya juu kwa nta au gundi na uache ya chini.

Ukipenda bati badala ya PVC, usitumie la kawaida, pwani halimalizi mwaka. Tumia alumini ya milimita 1, skrubu za chuma kisichoshika kutu, na kila skrubu iwe na washa ya plastiki pande zote mbili. Chuma hicho kikigusa alumini kwenye hewa ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na kofia inaanguka usiku mmoja wa upepo wa kusi.